Joni Mitchell hakupotea studio

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mwimbaji wa folki, yule anayetunga mwenyewe na kujipigia gitaa, huanza kupotea siku anapoingia studio na kundi kubwa la wapigaji na mitambo mipya. Ushahidi wake ulikuwa Joni Mitchell wa Kanada, ambaye kwa maelezo yake aliacha kuzungumza na wasikilizaji baada ya albamu ya Blue ya mwaka 1971, akaanza kuchezea sauti. Naipenda Blue kama anavyoipenda yeye, lakini hoja hiyo siwezi kuiacha ipite, hasa kwa kuwa katikati ya mabadiliko anayoyalaumu zimo ngoma za majirani zetu wa Burundi, na hakuzigusa hata kwa sentensi moja.

Kwanza, gitaa lenyewe la Joni Mitchell halikuwahi kuwa la kawaida. Akiwa na umri wa miaka tisa aliugua polio, na alipojifunza gitaa baadaye mkono wake wa kushoto haukuwa na nguvu ya kutosha kubana nyuzi kwa namna iliyozoeleka. Akatafuta njia yake: alizikaza na kuzilegeza nyuzi upya karibu kwa kila wimbo, hadi akawa na mitindo kadhaa ya kutuni, mingi yake akiibuni mwenyewe. Kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zilizotoka humo hazikuwa za furaha kamili wala za huzuni kamili. Zilibaki zikining'inia, kama swali ambalo halijajibiwa. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba majaribio yalianza siku saksafoni ilipoingia hajalisikiliza vizuri gitaa la mwaka 1968, ilipotoka albamu yake ya kwanza. Wapigaji wa roki walipata taabu kumfuata, na ni wapigaji wa jazi, waliozoea sauti zisizotua mahali pamoja, waliomwelewa. Mwaka 1972 mpigaji wa jazi Tom Scott aliongeza filimbi na saksafoni katika For the Roses, na Januari 1974 ikatoka Court and Spark, iliyorekodiwa Hollywood na fundi mitambo wake wa siku zote, Henry Lewy, pamoja na wanamuziki wa kundi la jazi la L.A. Express. Albamu hiyo ilifika nafasi ya pili katika chati ya Marekani. Watu walioinunua hawakuona kwamba ameacha kuzungumza nao.

Mzozo halisi ulikuja na albamu ya studio iliyofuata, The Hissing of Summer Lawns ya Novemba 1975, na hapo ndipo ningependa msomaji mwenzangu asimame nami kidogo. Katika Blue anayeimba ni yeye mwenyewe: anasema mimi, anataja mapenzi yake, safari zake na aibu zake, akiwa na gitaa, piano, au dulsima, chombo cha nyuzi kinacholazwa mapajani. Vyombo vichache vinamfaa mtu anayefungua moyo wake, kwa sababu msikilizaji anataka kuhisi kwamba amekaa naye chumba kimoja. Lakini mwaka 1975 alikuwa amegeuza macho nje. Nyimbo zinahusu watu wengine: wanawake waliowekwa katika nyumba nzuri zenye bustani na bwawa la kuogelea kwenye viunga vya Los Angeles, waume zao wanaosafiri kwa shughuli za kampuni, mwanamke anayechaguliwa na bwana mkubwa wa mji mdogo. Ni hadithi zinazohitaji nyumba, mtaa, gari na baridi iliyopo kati ya mume na mke. Gitaa moja lingelazimisha hadithi hizo zote zionekane maungamo ya mwimbaji, ilhali hazikuwa hivyo.

Chukua wimbo wa Harry's House. Mume yuko New York kikazi, mke amebaki nyumbani na watoto, na muziki unakwenda kwa mwendo wa jiji lenye haraka, tarumbeta na kinanda vikipishana juu ya dramu. Halafu katikati, bila kupiga hodi, wimbo mwingine unaingia: Centerpiece, wimbo wa zamani wa jazi wa Harry Edison na Jon Hendricks, ambao mwanamume anamwahidi mpenzi wake nyumba na furaha. Piano inalegea, sauti ya mwimbaji inakuwa ya klabu ya usiku, na kwa muda tunasikia ndoa ile ilivyokuwa kabla haijakauka. Kisha Centerpiece inafifia, tunarudi kwenye haraka ya New York, na mke anamwambia mume abaki na nyumba yake na mshahara wake. Hakuna ubeti wowote unaoeleza kwamba wawili hao walikuwa na ndoto ikaharibika. Studio ndiyo inayoeleza, kwa kuweka sauti mbili za nyakati mbili ndani ya wimbo mmoja. Ukiondoa kile ambacho mwenzangu anakiita kuchezea sauti, umeiondoa hadithi yenyewe.

Sasa nije kwenye The Jungle Line, wimbo wa pili wa albamu hiyo hiyo. Unafunguliwa na ngoma za Burundi, nyingi, nzito, zilizochukuliwa kwenye tepu na kurudiwarudiwa ili zibebe wimbo mzima. Juu yake inakuja sinthesaiza ya Moog, kinanda kinachozalisha sauti kwa umeme, anayoipiga mwenyewe, kwa noti za chini zinazonguruma, halafu gitaa lake, halafu sauti yake. Maneno yanamhusu Henri Rousseau, mchoraji wa Ufaransa aliyefanya kazi ya ukusanyaji ushuru mjini Paris na kuchora misitu ya kitropiki bila kuvuka mpaka wa nchi yake. Joni Mitchell anamchukua mchoraji huyo na misitu yake ya kufikirika, anaitandaza katika baa, vilabu vya jazi na madaraja ya jiji la kisasa. Ngoma na mashine vinagombania wimbo, hakuna kinachomshinda mwenzake, na mvutano huo ndio wimbo. Nimekuwa nikiusikiliza kwa miaka mingi na bado naona ni kazi ya ujasiri usio wa kawaida kwa mwanamuziki ambaye tayari alikuwa na wapenzi wa kutosha wa kumlisha maisha yake yote kwa gitaa peke yake.

Baadhi ya watu husema huo ndio wimbo wa kwanza wa kibiashara kujengwa juu ya kipande kilichochukuliwa kwenye rekodi ya watu wengine na kurudiwarudiwa. Tusizidishe sifa, kwa maana mwaka 1971 rekodi hiyo hiyo ya ngoma ilikuwa imeshatumika Ufaransa katika kibao kilichoitwa Burundi Black, ambacho mtengenezaji wake aliipamba kwa gitaa na piano ili ichezeke dansini. Ukivisikiliza viwili hivyo kwa mfululizo utaona tofauti ya pambo na tungo: katika Burundi Black ngoma zinatiwa urembo, na katika The Jungle Line mtunzi anazijibu.

Hata hivyo, kumtetea hakunizuii kusema mahali ambapo kazi hiyo inapungua, na upungufu wenyewe si ule alioutaja mwenzangu. Rekodi ilifanyika Burundi mwaka 1967 na watafiti wa Kifaransa, yaani miezi michache tu baada ya ufalme wa Burundi kuondolewa Novemba 1966, ikatolewa mwaka uliofuata na lebo ya Ocora. Kwenye jalada la albamu ya Joni Mitchell ngoma hizo zinatajwa kwa jumla kuwa ngoma za wapiganaji, na jina la mpigaji hata mmoja halipo. Sisi tunaoishi jirani nao tunajua zilikuwa ngoma za mfalme, zilizopigwa kwenye kutawazwa na kwenye umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama. Wala hazikutoka msituni. Burundi ni nchi ya vilima vilivyolimwa hadi juu, na ngoma yenyewe huchongwa kwenye gogo la mti ambao Warundi huuita umuvugangoma na sisi huuita mringaringa, kisha ikawambwa ngozi ya ng'ombe na kukazwa kwa vigingi vya mti.

Tena zina mpangilio wake, ambao sikio lililotulia linaweza kuufuata hata ndani ya wimbo wa Kanada. Ngoma iitwayo inkiranya hukaa katikati na kuongoza. Amashakwe hushikilia pigo moja lisilokatika. Ibishikizo hufuata kile inkiranya inachoamuru. Idadi yake huwa witiri siku zote. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na Gishora, karibu na Gitega, bado ni mahali pake pa heshima. Kwa hiyo tunapozungumzia utajiri wa sauti wa The Jungle Line tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya utajiri huo ilikuwa imeshatungwa kabla tepu haijafika Hollywood, na watu waliojua walichokuwa wakikifanya.

Msomaji mwenzangu alitaja pia kwamba wahakiki wa wakati ule waliikataa albamu, na ni kweli kwamba jarida la Rolling Stone lilisifu maneno yake likaona muziki unavuruga usikivu. Lakini alinyamaza kuhusu kilichofuata. Mwaka 1976 ilitoka Hejira, na humo wingi wa vyombo umepunguzwa mno: gitaa lake la umeme, dramu kidogo au pasipo dramu kabisa, na katika nyimbo nne gitaa la besi la mpigaji wa jazi Jaco Pastorius, lisilo na vipande vya chuma vya kutenganisha noti, linaloimba pembeni yake kama mtu wa pili. Hizo ni nyimbo za mtu anayeendesha gari peke yake barabara ndefu, akazipa nafasi na upepo. Mwaka uliofuata akarudi kwenye ukubwa, kwa wimbo wa dakika kumi na sita wenye okestra, na mwaka 1979 akafanya kazi ya Charles Mingus, gwiji wa jazi aliyefariki Januari ya mwaka huo. Mtu aliyetekwa na mitambo asingeweza kupunguza na kuongeza hivyo kwa kadiri ya kila wimbo.

Hoja hii inatuhusu pia sisi. Marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma, bingwa wa zeze na ilimba, chombo cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, alishirikiana mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mpiga gitaa mwingine wa Kanada, Michael Brook, katika albamu ya Assembly, nao wapo waliosema Ugogo umeuzwa. Tumpime kwa kipimo hicho hicho: je, sauti mpya inafanya kazi ambayo ilimba peke yake isingeifanya, na je, ilimba bado inasikika na mwenyewe ametajwa? Kwake yeye jina lilikuwepo kwenye jalada, la kwanza.

Ninachoomba kwa watangazaji wetu wa redio ni kidogo. Watakapopiga The Jungle Line, watangulize rekodi ya Ocora iliyotolewa mwaka 1968 ikiwa nzima, bila kuzungumza juu yake, na wawaambie wasikilizaji kwamba ni ngoma za kifalme za Burundi.

Msomaji wenu,
Kigoma