Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Usaili wa Watengeneza Programu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu ilishughulikia zaidi lile mlilolilalamikia katika mkutano mkuu uliopita, kwamba usaili wa watengeneza programu hapa Kampala, na vilevile Gulu na Mbarara, hupima ujasiri wa kusimama mbele ya jopo kuliko ufundi wenyewe. Hesabu za chama zimekaguliwa na zinapatikana kwa mweka hazina, kwa hiyo sitazirudia.

Lalamiko lenu lina mashiko. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na wenzao wa Microsoft walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 48 wa kompyuta walitatua swali ubaoni, baadhi wakitazamwa na msaili huku wakieleza kwa sauti wanachofikiri, wengine wakiachwa peke yao chumbani. Waliotazamwa walipata takriban nusu ya mafanikio ya wenzao. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa, ilhali wote walioachwa peke yao walifaulu. Idadi yao ilikuwa ndogo, nami nisingependa tuitegemee kupita kiasi.

Katika usaili mmoja nilioalikwa kuushuhudia, kijana aliyetoka Gulu alikwama ubaoni akijaribu kupindua mpangilio wa orodha, huku mjumbe mmoja wa jopo akichezea simu. Baadaye alipewa kompyuta yenye programu ya malipo iliyokuwa ikimkata mteja fedha mara mbili kila mtandao ulipoyumba. Alisoma kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayopokea maombi ya malipo, akagundua kwamba ombi lililorudiwa lilihesabiwa kuwa jipya, akalipatia kila ombi namba yake ili seva ilitambue likirudi. Kazi aliyoiomba ndiyo hiyo hasa.

Mwongozo tulioandaa unataka wasailiwa wote waulizwe maswali yale yale, vigezo vya alama viandikwe mapema, na kila msaili ajaze alama zake kabla ya kuzungumza na wenzake, kwa kuwa mkuu wa idara akitangulia kumsifu mtu, walio chini yake ni nadra kumpinga. Uchambuzi wa mwanasaikolojia Paul Sackett na wenzake wa mwaka 2022 uliuweka usaili wa namna hii juu ya vipimo vyote vya kuchagua wafanyakazi walivyolinganisha, na miaka ya uzoefu, ambayo matangazo yetu ya kazi huishikilia mno, ikaachwa mbali nyuma. Swali la "kwenu ni wapi?" tumelikataa kabisa; Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi, ukiwamo wa jinsia, dini, ulemavu na asili ya kijamii, na jibu la swali hilo halisemi lolote kuhusu ufundi.

Hatukuafikiana juu ya jaribio la kufanyia nyumbani. Linamwondolea msailiwa macho ya jopo, lakini linambebesha gharama ya data na kumwacha ahangaike na kukatika kwa umeme, na siku hizi akili mnemba inaweza kumwandikia kila kitu. Mimi naunga mkono jaribio lisilozidi saa mbili, likifuatwa na mazungumzo ambamo msailiwa anaeleza na kurekebisha alichoandika. Wenzangu wawili wanataka waajiri walilipie pia. Mapendekezo yote mawili yatapigiwa kura katika mkutano mkuu, na matawi yenye marekebisho yayawasilishe kwa katibu kwa maandishi kabla ya siku hiyo.