Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Ngozi ya Pweza na Ngisi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Mgeni rasmi sisi klabu ya sayansi mwaka huu tumeshika jambo moja tu, ngozi ya pweza na ngisi. Wengi wetu mama zetu wanachokoa pweza maji ya bamvua yakipwa, kwahiyo tunajua mtu anaweza kusimama hatua moja na pweza asimuone, anaona jiwe tu na vinundu vyake, mpaka jiwe lipumue.

Juzi tulienda diko tukanunua ngisi mbichi kabisa tukamuangalia kwa lenzi, yani kashakufa lakini vidoti vya kahawia na vyekundu kwenye ngozi bado vinafunguka na kujifunga! Kumbe kila kidoti ni kifuko cha rangi kimezungukwa na misuli midogo sana, misuli ikivuta kifuko kinatanuka na rangi inaonekana, ikilegea kinarudi kuwa kama ncha ya sindano, na amri inatoka kwenye ubongo moja kwa moja ndo maana akiwa hai anabadilika chini ya sekunde moja. Chini yake kuna tabaka la kurudisha mwanga, lina protini inaitwa riflektini. Na pweza mwenyewe haoni rangi, hilo lilitushangaza kuliko yote.

Wenzetu Marekani wanaiga. Mwaka 2017 Chuo cha Cornell walitengeneza utando wa mpira wa silikoni wenye nyavu ndani, ukijazwa upepo unainuka unakuwa kama mawe. Mwaka 2019 timu ya mtafiti Gorodetsky kule Chuo Kikuu cha California, Irvine, wakatoa utando mwembamba wa mpira wenye vipande vya shaba juu, ukiwa umetulia shaba inazuia joto lisitoke, ukiuvuta vipande vinaachana joto linapita, yani kidoti cha ngisi kabisa. Hapo ndo tulibishana mpaka kengele ikalia, maana madarasa yetu ya bati saa saba mchana hayakaliki, na sisi tunataka paa linalojifungua lenyewe joto likizidi.

Ombi letu mgeni rasmi ni hadubini moja. Lenzi inatuonyesha vidoti, misuli inayovivuta hatuioni. Ngisi tutanunua wenyewe.