Kaka, kabla hujahamia huku Tarneit

Kaka shikamoo. Nimeiona meseji yako kwenye grupu la familia, ile ya saa nane usiku kuhusu ghorofa lenu la serikali kutaka kuvunjwa, "wametuambia tuanze kuangalia pa kwenda, huko kwenu vipi?" Nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Kule kuna mashangazi wa Tanga na watoto, sikutaka waone tukianza. Najua ni kichekesho, nakimbia watu wa grupu nakuja kuongea hapa mbele za watu, ila wewe hata ukininunia huwa unasoma ninachoandika. Hilo nalijua.

Huku kwetu Tarneit, pembezoni mwa Melbourne, Australia, kuzuri. Vyumba 4, kimoja tunaswalia, watoto wana pa kurusha mpira japo ua wenyewe kama leso. Ila jua kwamba huku ukilala wiki mbili ukiamka kuna mtaa mpya. Nilipohamia 2018 ng'ambo ya barabara kulikuwa na kondoo kaka, kondoo kweli, sa hivi ni paa kwa paa, na barabara ni ile ile, gari moja kwenda gari moja kurudi. Nyumba zilitangulia, barabara na mabasi yatafuata inshallah. Stesheni tunayo tangu 2015 lakini treni ni zile za dizeli zinazotoka mji wa Geelong, asubuhi zinafika kwetu zimeshajaa, unasimama mpaka Southern Cross, stesheni kubwa ya mjini, na paking ukifika saa mbili umechelewa, unaacha gari kwenye majani unasubiri faini.

Unakumbuka nilivyokuwa natuma zile skrinshoti nyumbani? Melbourne mji bora duniani kuishi, mwaka 2011, 2012, mpaka 2017, miaka 7 mfululizo, halafu Vienna ikatupiku 2018, mwaka ule ule niliosaini mkopo wa nyumba mimi, bahati yangu. Mama Mkubwa, mama yako mzazi, akauliza tu, mji bora kwa nani, mbona wewe huonekani?

Sawa. Tufike kwake.

Jumamosi ile ya tarehe 4 Julai 2020 askari walipozunguka maghorofa yenu 9 ya Flemington na North Melbourne, watu kama 3,000, hamna kutoka kuanzia dakika ile ile kwa ajili ya korona, mimi nilikuwa Racecourse Road nimeshika sufuria la pilau kama mjinga. Mama Mkubwa akatoa khanga dirishani akanipungia. Baadaye Ombudsman, yule mchunguzi wa malalamiko ya wananchi, akaja kusema haki zenu zilivunjwa, haya, tumesikia. Lakini mimi siku ile ndo niliapa simwachi mama yangu kwenye lile ghorofa, na nasema mama yangu maana alininyonyesha na mimi pia, hilo huwezi kunipokonya.

Ndo nikamleta huku. Wewe unasema nilimchukua kwa ubishi. Sio kweli. Nilimpa chumba chenye dirisha kubwa, mke wangu akamtafutia mpaka chumvi ya mawe. Kitu ambacho sijawahi kukwambia ni hiki: kila asubuhi alikuwa anashika rimoti, anafungua mlango wa gereji, anatandika, anakaa na ukili wake anasuka, anasubiri watu wapite. Kwenu akishuka na lifti tu keshaamkiana na mama wa Kisomali wa chini na yule mzee wa Kivietinamu wa maua. Huku hapiti mtu kaka. Yanapita magari, vioo vimepandishwa. Saa sita anafunga mlango anaingia ndani. Alikaa wiki saba akaniomba nimrudishe, na mimi nikakasirika, nikamwambia Mama mkopo wote huu nalipa kwa ajili ya nani. Hakunijibu. Alicheka tu kidogo akaendelea kukunja nguo zake.

Sasa ile siku ya Fawkner, makaburini, tulipomzika Mama Mkubwa.

Mke wangu alikuwa kazini na gari, zamu ya kutunza wazee, haachi mpaka mwenzake aje. Ulinipigia alfajiri ukasema tunazika baada ya adhuhuri. Nikafika stesheni saa tatu na nusu, nikakuta bango, leo hakuna treni, wikendi ya matengenezo, kuna mabasi. Basi likaja limejaa, la pili likapotea mitaani humu maana dereva hazijui hizi barabara mpya, hata simu yake ilikuwa haizijui. Mpaka nafika mjini nabadilisha, napanda treni ya Upfield, adhuhuri imeshaadhiniwa. Na ile treni kaka, si unaijua, inapita Flemington Bridge. Nikaliona ghorofa lenu, nikahesabu madirisha mpaka lile lake. Mtu ametoka chini ya dirisha lile kwenda kuzikwa na mimi napita pale nimechelewa.

Nilipofika talakini ilishasomwa, watu wanamwagia maji kaburi. Na wewe umeshika chepeo, mbele ya watu wote, mbele ya wanangu, ukaniuliza, "Treni ya saa ngapi imekuleta?"

Nimeshakusamehe mengi. Hili bado. Nilikuwa sijamwekea hata konzi moja ya udongo.

Ungeweza kusubiri nusu saa. Ungeweza hata kumtuma mtu anifuate. Au basi tu usiseme kitu.

Na sa hivi ndo mnatolewa. Maghorofa 44 yote ya serikali kuvunjwa mpaka ifike 2051, wanasema walikokuwa wanakaa watu 10,000 watakaa 30,000, na mna haki ya kurudi, ila kurudi lini na kwenye chumba cha ukubwa gani, uliza hayo kwa maandishi, usisaini kwa maneno ya barazani. Inaniuma kusema kweli. Novemba 2025 wamefungua ile reli ya chini ya ardhi, stesheni ya Arden iko jirani yenu kabisa, watu wanapiga selfi, yaani treni ya maana imefika ndo na nyie mnapewa maboksi ya kuhamia.

Kwa hiyo ushauri wangu, usije huku. Ng'ang'ania Kensington, Footscray, popote penye tramu na watu. Mimi nilikuwa sina jinsi, nilikuwa na watoto watatu na mshahara mmoja na nusu, mjini ningepata chumba cha kuku, kwa hiyo usinisome vibaya, sijutii. Sijutii sana.

Ila chumba kipo. Ule mkeka wake hakuumaliza, umebaki kama dhiraa moja, nimeukunja juu ya kabati gerejini, mimi sijui kusuka na mkeo anajua. Njoo uuchukue. Ukija Jumamosi angalia kwanza kama treni zinatembea, au nipigie, nitakufuata.