Malalamiko: gari dogo la mashindano la kuongozwa kwa rimoti, lenye chesisi (sahani ya chini inayobeba gari zima) iliyopinda, na nilivyotendewa kwenye kaunta yenu ya Mombasa

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Bwana au Bibi,

Salamu. Naandika nikiwa na hasira, na najitahidi kuizuia kwa adabu niliyolelewa nayo. Nakala za risiti na kadi ya dhamana nimeambatanisha. Masharti ya dhamana mmeyaandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea. Niliyotendewa dukani kwenu ndiyo ambayo hayamo katika sharti lolote.

Fundi wenu alilipokea gari mikononi mwangu, akaliwasha, akalishika juu juu, akazungusha kitufe kidogo cha kusawazisha usukani kwenye rimoti, akasema, "Limepona." Tairi hazikugusa sakafu. Nilipomwomba alijaribu chini, alinijibu kwa sauti ya kusikika duka zima: "Mzee, gari halina neno. Mikono ndiyo mibovu. Nyinyi wa Malindi mmezoea mchanga." Kisha akatia bisibisi ya nyota kwenye skrubu ya pembe sita, akaisokota kwa nguvu hadi tundu likawa duara, na baada ya kuiharibu yeye mwenyewe akaandika kwenye kadi yangu: "Limeharibiwa na mteja."

Gari hili ni la umeme, la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, la mikanda inayopeleka nguvu ya mota kwenye magurudumu, na magurudumu yote manne yanavuta. Ni la kukimbizwa kwenye lami au zege, na sisi tunalikimbiza kwenye sakafu ya zege ya uwanja wa kikapu, ambayo tunaifagia kila mara kabla ya kuanza. Mchanga anaousema fundi wenu haujawahi kuonana na gari hili.

Ubovu wake ni huu. Ukilipa moto kwenye mstari ulionyooka, linavuta kulia. Ukishika breki, linavuta kushoto. Kona za kushoto pua haitaki kuingia, linakwenda nje tu. Kona za kulia mkia unachomoka na gari linageuka lilikotoka. Mtu aliyewahi kushughulika na magari haya anajua dalili hizo zinasema chesisi imepinda. Ingekuwa ni usukani kutokaa katikati, lingevuta upande mmoja tu, moto au breki. Kwa hiyo kile kitufe alichokizungusha fundi wenu hakikuwa na uwezo wa kutibu chochote, na kama ni fundi kweli, alilijua hilo.

Tulianza na tairi: tulizibadilisha za kushoto zikaenda kulia, na ubovu ukabaki upande ule ule, kwa hiyo tairi hazina kosa. Beringi zote zinazunguka huru. Mlalo wa magurudumu tuliupima, digrii 1.5 mbele na 2 nyuma, kushoto na kulia sawa. Ya nyuma yanatazama ndani digrii 3, kila upande. Shoki tulizifungua, tukazijaza oili upya, tukatoa mapovu ya hewa, tukahakikisha urefu ni mmoja. Tukizitoa shoki, mikono ya magurudumu inaanguka kwa uzito wake bila kukwama popote. Vyuma vya kuzuia gari lisilale kwenye kona tulivifungua pia. Hakuna kilichobadilika.

Ndipo tukaiweka chesisi peke yake juu ya kioo kinene cha meza. Ilicheza. Pembe ya nyuma kushoto iko juu, na geji ya vali (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) tuliyoazima kwa fundi wa bodaboda ikaingia chini yake hadi 0.4 mm. Tukalegeza skrubu za sahani ya juu, ile inayofungwa juu ya chesisi, na chesisi ikalala sawa juu ya kioo. Tukazikaza tena taratibu, pembe ikainuka tena. Sababu inaonekana kwa macho: tundu moja la sahani ya juu limetobolewa pembeni, na skrubu ikiingia inalivuta gari zima lijipinde. Limetoka kiwandani hivyo. Haya yote niliwaandikia, pamoja na picha, kabla ya kufunga safari. Jibu lenu lilikuwa mstari mmoja: nisafishe mchanga.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu hapo sijamaliza. Nilikuwa na mpwa wangu. Yeye ndiye dereva, na ndiye aliyeligundua tatizo kabla yangu. Fundi aliposema "mikono ndiyo mibovu" hakunitazama mimi. Alimtazama mtoto, huku rimoti ya mtoto ameishika yeye fundi. Wateja wawili wakacheka. Kijana akajaribu kumwonyesha lile tundu, kwa heshima, akimwita kaka, na fundi akamwambia, "Mwambie mjomba'ko akununulie la sokoni, la betri za tochi." Hapo ndipo alipochukua ile bisibisi. Nilimwambia wazi, "Hiyo siyo yake, tumia ya pembe sita," na aliendelea kusokota huku akinitazama. Msimamizi wa duka alikuwa amesimama pale pale. Hakusema neno. Mpwa wangu hakufungua kinywa kutoka Mombasa mpaka tumeipita Kilifi, na kijana huyo huyo, akipewa gari la jirani, analipitisha kona zote bila kuligusa ukuta. Mikono yake haina ubovu wowote.

Nilipokuja dukani nilitaka sahani ya juu mpya na chesisi mpya, basi. Kama fundi angenipa hivyo viwili ningeshukuru na kuondoka. Sasa sitaki vipuri. Nataka shilingi 48,000 zangu zote, na nauli ya watu wawili Malindi hadi Mombasa, kwenda na kurudi. Nataka yale maneno "limeharibiwa na mteja" yafutwe kwa barua yenye muhuri wenu. Na nataka fundi yule amwombe radhi mpwa wangu kwa maandishi, kwa jina lake kamili, kwa sababu mimi ni mtu mzima nitastahimili, lakini mtoto hakumkosea.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inanipa haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Madai yangu hayafiki hata karibu na shilingi milioni 1, kwa hiyo yanaingia Mahakama ya Madai Madogo, ambako sihitaji wakili. Nitasimama mwenyewe, na kioo changu cha meza, na geji. Nakala nitaipeleka kwa Mamlaka ya Ushindani, na kwa kila mwenye gari kama hili pwani hii ninayemfahamu.

Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi. Skrubu aliyoiharibu fundi wenu sijaigusa, na sitaigusa mpaka hakimu aione.

Mteja wenu,
Shela, Malindi