Yaya Kasongo, uliza kwanza nani ameshika pesa

Kamalondo, Lubumbashi

Yaya Kasongo,

Salamu nyingi kutoka Lubumbashi. Huku tuko wazima, na mama anasema nisisahau kukuandikia kwamba anakuombea. Maandishi ya kipindi chako nimeyasoma yote. Swali lako ni la kweli: kwa nini nchi za nje zinawahimiza watu wapige kura, halafu chama cha Kiislamu kikishinda kila moja inasema lake? Nakujibu kirefu, maana tarakimu mbovu ikishatoka redioni watu wataibeba hivyo hivyo mpaka sokoni.

Kwanza, jina. Umeandika mara tatu "Waislamu walishinda". Tafadhali ondoa. Algeria au Tunisia, aliyeshinda ni Mwislamu na aliyeshindwa ni Mwislamu. Na wasikilizaji wako wana majirani Waislamu, wengine wenye ukoo kule Maniema, ambao hawana shauri lolote na FIS, chama cha Kiislamu cha Algeria, wala Hamas ya Palestina. Sema "chama kinachotaka sheria za nchi zifuate dini". Ni maneno mengi, lakini hayamwumizi asiyehusika.

Pili, umeandika kwamba Wapalestina walio wengi waliichagua Hamas. Futa hiyo pia. Tarehe 25 Januari 2006 Hamas ilipata viti 74 kati ya 132, lakini kwa kura za orodha ilikuwa na asilimia 44 hivi, na Fatah, chama kilichokuwa kinatawala, 41. Pengo dogo la kura lilizaa pengo kubwa la viti, 74 kwa 45, kwa sababu kila mpiga kura alipewa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya orodha ya taifa, viti 66 vya kugawana kwa uwiano: Hamas 29, Fatah 28, karibu sare. Ya pili ilikuwa ya wilaya, viti 66 vingine katika wilaya 16. Huko uliweka alama kwa majina kadiri ya viti vya wilaya yako, na wenye kura nyingi ndio walioingia. Hamas haikusimamisha watu kuzidi viti. Upande wa Fatah, walioachwa nje ya orodha rasmi walikasirika wakasimama peke yao, wakala kura za wenzao. Hebron ilikuwa na viti tisa. Hamas ilibeba vyote tisa. Jumla ya wilaya ikawa 45 kwa 17. Mtu wa Katanga hutamfundisha hilo: kila uchaguzi tunaona wagombea wa ukoo mmoja wakigawana kura, na mwingine anapita katikati yao.

Sasa nchi za nje. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya walisema uchaguzi ulikwenda vizuri, na Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani aliyekuwa huko na watu wake, alisema vile vile. Basi njia ya kudai kura zimeibwa ilikuwa imefungwa. Siku tano baadaye, 30 Januari, kundi la wanne, yaani Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya, Marekani na Urusi, lilitoa komunike, yaani tangazo rasmi, kutoka London. Matokeo hawakuyakataa. Walisema msaada utategemea mambo matatu: serikali mpya iache silaha, iitambue Israel, ikubali mikataba iliyokwisha kutiwa sahihi. Na usiwaambie watu kwamba wanne hao walikuwa kitu kimoja. Mwanzoni mwa Machi Urusi iliukaribisha ujumbe wa Hamas Moscow, ilhali jina lake liko kwenye ile komunike.

Hapa, Yaya, ndipo nataka ukae muda mrefu. Tangu mkataba wa Paris wa 1994, bidhaa zinazokwenda kwa Wapalestina zinapita bandari na mipaka ya Israel; Israel inatoza kodi, kisha inapaswa kuwakabidhi kila mwezi. Mwaka 2006 ilikuwa dola milioni 50 na zaidi kwa mwezi. Wape wasikilizaji mfano wa Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia: kodi ya malori yote yanayoingia ingekuwa inakusanywa na jirani wa ng'ambo, yeye ndiye anayetuletea mwisho wa mwezi. Siku asipompenda tuliyemchagua, anafunga mkono tu. Haleti hata askari mmoja. Ndivyo ilivyokuwa.

Mlango wa pili ulikuwa benki. Hamas iko kwenye orodha ya magaidi ya Marekani, na benki iliyopitisha dola kwa wizara zilizokuwa chini yake iliogopa kufungiwa njia ya New York, ambako dola hupitia. Kwa hiyo hata nchi za Kiarabu zilizotaka kutoa zilikosa pa kupitishia, na mawaziri wakaonekana wakivuka Rafah, mpaka wa Misri na Gaza, na masanduku ya pesa taslimu. Serikali ya Palestina ilikuwa inalipa watu wapatao 150,000. Walimu na wauguzi walikaa miezi mingi bila mshahara kamili, na Septemba wakagoma. Ulaya, kuanzia Juni, ilitengeneza njia inayopita kando ya serikali: dawa, mafuta ya kuendeshea hospitali, posho kwa wafanyakazi wa afya na familia maskini. Iliokoa watu, sikatai. Lakini iliwazoesha watu kwamba wizara zao hazina kazi.

Kosa lilikuwa hapo. Aliyebanwa ni mwenye kuishi kwa mshahara wa leta, yaani wa serikali. Chama chenye bunduki na njia zake za pesa hakikubanwa kiasi hicho. Februari 2007 vyama viwili vilipatana Makka, Machi serikali ya pamoja ikaundwa, na masharti ya nje hayakulegezwa vya kutosha kuiacha ipumue. Juni 2007 walipigana Gaza, Hamas ikabaki na Gaza, Rais Mahmoud Abbas akabaki na Ukingo wa Magharibi, na msaada ukarudi haraka kwa serikali mpya ya waziri mkuu Salam Fayyad, aliyewekwa na Abbas. Uchaguzi mwingine wa bunge ulipangwa Mei 2021, nao ukaahirishwa. Mimi naona wale wanne wanabeba sehemu ya lawama ya mgawanyiko ule, na sitaki ulainishe neno hilo ukisoma hewani.

Algeria ni habari nyingine, maana huko kura zilikatwa katikati. Duru ya kwanza ilikuwa 26 Desemba 1991. FIS ilichukua viti 188 kati ya 231 vilivyoamuliwa siku ile. Bunge lilikuwa na viti 430, hivyo ilibaki kupata 28 tu ili ishike wingi. Lakini kura zake zilikuwa kama milioni 3.2 kati ya watu milioni 13 walioandikishwa, robo moja, kwa kuwa wengi hawakwenda kupiga na waliokwenda walitawanyika kwa vyama vingi. Tarehe 11 Januari 1992 Rais Chadli Bendjedid alijiuzulu kwa msukumo wa majenerali, na duru ya pili, iliyokuwa ifanyike tarehe 16, ikafutwa. Washington kwanza ilisema hatua ile inafuata katiba, kisha ikarudi nyuma ikasema haina upande. Rais Mitterrand wa Ufaransa alilalamika kwamba mwendo wa demokrasia umekatwa, ila Paris haikufunga mfuko, na 1994 deni la Algeria lilipangwa upya kwa mkono wa FMI, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, na Klabu ya Paris, kundi la nchi zinazokopesha. Iran ilipiga kelele kutetea FIS, na Machi 1993 Algeria ikavunja uhusiano nayo. Saudia, ambayo wengi wangedhani ingewatetea, ilikuwa imeshachukia kwa sababu FIS ilisimama na Iraq katika vita vya Ghuba. Unaona? Dini moja, na bado kila mtu alihesabu kwa kalamu yake. Vita vilivyofuata viliua watu zaidi ya 100,000.

Juni 1992 mkubwa mmoja wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, Edward Djerejian, alitoa hoja ambayo utaisikia mpaka leo: kwamba hawamwungi mkono anayepanda ngazi ya uchaguzi ili akifika juu aivunje. Hoja hiyo usiidharau, ina uzito. Ila ihoji: Algeria, walioivunja ngazi ni wale waliokuwa tayari juu.

Uturuki pitia haraka. Novemba 2002 AKP, chama chenye mizizi ya Kiislamu, kilipata asilimia 34 za kura na viti 363 kati ya 550, kwa kuwa wakati ule chama kisichofika asilimia 10 hakikuingia bungeni kabisa. Sisi Kongo kizingiti ni asilimia 1. Ulaya ilikipokea vizuri kwa sababu kilipigania Uturuki iingie Umoja wa Ulaya. Tunisia, Oktoba 2011, Ennahda, chama cha Kiislamu cha huko, ilipata viti 89 kati ya 217 kwa hesabu ya masalio makubwa, yaani viti vinavyobaki wanapewa wenye masalio makubwa ya kura, ndugu ya hesabu yetu hapa, ambayo haimpi mtu wingi kwa urahisi. Ikabidi ishirikiane na vyama viwili visivyo vya dini, na nchi za nje zikatulia. Anayelazimika kugawana viti hatishi sana.

Misri isome kama hesabu ya duka. Mohamed Morsi wa Udugu wa Kiislamu alichaguliwa rais Juni 2012 kwa asilimia 51.7, jeshi likamwondoa 3 Julai 2013. Sheria ya Marekani inasema msaada ukatwe pale jeshi linapompindua kiongozi aliyechaguliwa, na msaada wa kijeshi kwa Misri ulikuwa dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Basi Ikulu ya Washington ikakwepa kutamka neno "mapinduzi", maana likitamkwa tu sheria inaanza kazi. Muda mfupi baadaye Saudia, Emirati na Kuwait waliahidi bilioni 12. Weka 12 kando ya 1.3, utajua nani alisikilizwa Cairo. Umoja wa Afrika ndio uliofuata kanuni yake: 5 Julai uliisimamisha Misri uanachama, na ukairudisha Juni 2014. Hili lisome kwa sauti. Sisi Waafrika tuna haki ya kulijua.

Ukipata komunike yoyote ya nje, angalia kitenzi. "Tunapongeza" ni mlango wazi. "Tumetambua yaliyotangazwa" ni mlango nusu. Hicho tulikisikia wenyewe Januari 2019, baada ya uchaguzi wetu wa rais, pale Umoja wa Afrika ulipoomba tangazo la mwisho lisubiri, Mahakama ya Katiba ikatangaza, na salamu zikaanza kuja moja moja. "Tunatarajia serikali mpya iheshimu" maana yake kuna sharti nyuma, litafute. Kisha usisimame kwenye maneno. Ngoja mwezi, uulize kama mishahara imelipwa na pesa zimepita benki gani. Balozi anaweza kutabasamu huku hazina imefungwa.

Dakika ishirini hazibebi nchi tano. Chukua Palestina na Misri, Algeria uipe dakika tatu, mbili zilizobaki ziweke kwa wanaopiga simu. Na wa kwanza akiuliza kama haya yanaweza kutukuta, mrudishe Kasumbalesa: muulize anayetoza pale leo ni nani, na pesa inalala wapi.

Wasalimie watoto. Nitumie saa ya kipindi, nifungue redio mapema.

Mdogo wako,
Riziki