Betri ipimwe kabla mnunuzi hajalipa

Mhariri,

Tangu ninunue gari la umeme la mtumba Novemba 2024, kila nikisimama kituo cha mafuta kujaza tairi upepo, huulizwa swali moja: sevisi yake ni pesa ngapi? Jibu langu huwa refu kuliko wanavyotaka, ndiyo maana nakuandikia.

Sevisi yenyewe ni ndogo mno. Hakuna oili ya injini ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna ekzosi ya kuliwa na chumvi ya pwani. Breki pedi lilizokuja nazo kutoka Japani bado ziko, kwa sababu ukiondoa mguu kwenye eksileta mota hugeuka jenereta, ikapunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Nimebadilisha filta ya hewa ya ndani, maji ya breki, tairi mbili za mbele, na ile betri ndogo ya volti 12 ambayo wengi hawajui kwamba imo. Ikifa hiyo, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa pomoni. Mimi nasambaza mikate ya jumla kutoka Mtwapa hadi Kongowea, natoka saa kumi alfajiri, na gari langu la petroli lilikuwa haliishi kwenda gereji. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Kilichoniumiza ni betri kubwa. Siku ya kununua, dashibodi ilionyesha vijiti vyote 12 vya uzima wa betri. Muuzaji alivigusa kimoja kimoja kwa kidole, akaniambia, "Mama, hii ni kama mpya, Malindi unaenda na kurudi." Wiki tatu baadaye vilikuwa 11, kisha 10, na kabla kaskazi haijaisha vikabaki vinane, yaani kama theluthi ya uwezo wa betri imekwenda. Siku ya mazishi ya shangazi yangu Malindi nilifika Gede chaji imebaki asilimia saba. Niliomba umeme kwenye duka moja, nikakaa hapo kwa muda wa saa nne. Shangazi akazikwa sijafika.

Fundi mmoja wa Nairobi ndiye aliyenifungua macho. Kompyuta ya betri ikifutwa kumbukumbu, vijiti vyote hurudi, kisha huanza kushuka tena kadiri inavyoisoma upya hali ya betri. Betri ni ile ile mgonjwa. Na betri za lithiamu huchakaa kwa umri na kwa kuchajiwa, lakini joto huzimaliza upesi zaidi. Yako magari ambayo betri yake hupozwa kwa maji maalum. Mengine, hasa madogo ya miaka ya nyuma, hutegemea upepo unaopita chini ya gari basi. Lami ya Mombasa mwezi wa Februari si lami ya Hokkaido, kule kwenye baridi kaskazini mwa Japani.

Mafundi wawili wa hapa Mombasa walipoziona nyaya za rangi ya chungwa walirudi nyuma, wala siwalaumu. Huo ni umeme unaokaribia volti 400. Kabla ya kufungua ni lazima uchomoe plagi ya usalama, usubiri dakika kumi, na uvae glavu za mpira za kuhimili umeme. Betri nzima niliambiwa bei inayozidi nusu ya niliyolipia gari. Yule wa Nairobi aliifungua, akakuta ndani vipande 48, vitatu vikiwa vimechoka kuliko wenzake. Alivibadilisha hivyo tu. Uzee wa betri haukuondoka, ila sasa naenda Kilifi na kurudi bila wasiwasi.

Ombi langu kwa wanaotunga viwango ni moja. Cheti cha ukaguzi cha kila gari la umeme la mtumba kiandikwe uzima wa betri kwa asilimia, usomwe kwenye kompyuta ya gari, si kwenye vijiti vya dashibodi. Kenya ina kikomo cha miaka minane kwa magari ya mtumba, lakini magari mawili yaliyotengenezwa mwaka uleule yanaweza kuwa na betri zilizopishana sana. Umoja wa Ulaya umeshapanga kwamba kuanzia Februari 18, 2027 betri mpya za magari ya umeme ziwe na pasipoti ya kidijitali, yaani rekodi ya kielektroniki ya taarifa zake. Sisi tunaonunua mitumba ndio tunaohitaji ukweli huo zaidi. Kifaa cha kusomea ni kidogo kama kiberiti, huchomekwa chini ya usukani na majibu yakaonekana kwenye simu. Hata dakika tano hazifiki.

Mimi nimeshanunua langu. Jirani yangu anataka gari kama hili mwezi ujao, kwa pesa alizoweka kwenye chama miaka mitatu. Tumekubaliana nitafuatana naye, na muuzaji akikataa tusichomeke kifaa hicho, tutarudi nyumbani na pesa zetu.

Msomaji wako,
Mtwapa, Kilifi