Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Kigoma: mpeni fundi spana kabla ya maswali

Ndugu Katibu Tawala,

Mtu anaweza kueleza kwa ufasaha jinsi pakingi ya pampu, yaani kamba inayozuia maji kuvuja kandokando ya shafti (mhimili unaozunguka), inavyobadilishwa, kisha akaunguza shafti siku ya kwanza kazini. Tunaomba halmashauri za mkoa wetu, kila zinapotafuta mafundi wa matengenezo kwa mkataba, ziwapime karakana kwanza na ofisini baadaye.

Mashine mpya haihitajiki. Pampu ya maji iliyokwisha kutolewa kazini, ikifungwa kwenye meza ya chuma, inatosha. Tuseme shafti yake ni milimita 40 na tundu linalokaa pakingi ni milimita 60. Msailiwa awekewe kamba za pakingi za milimita 8, 10 na 12, asiambiwe ipi ni ipi. Atakayepima kwa vernia, kifaa cha kupimia vipenyo, akatoa 40 kwenye 60 na kugawa kwa mbili, atachukua ya 10. Atakayechukua ya 12 na kuitwanga kwa nyundo mpaka iingie, mmeshamjua.

Kabla hajagusa chochote, azime umeme, afunge swichi kwa kufuli, kisha ajaribu kuwasha ili kuhakikisha. Asiyefanya hivyo asimamishwe papo hapo, hata awe na vyeti vingapi.

Sasa mtazameni mikono. Je, ametoa pete zote za zamani za pakingi? Ile ya chini kabisa hukauka, kulabu haiifikii vizuri, basi huachwa, na pakingi mpya haikai sawa juu yake. Pete mpya hukatwa zikiwa zimezungushwa kwenye bomba lenye kipenyo cha shafti. Zikikatwa kwa kukadiria hutoka fupi, na maji hupita kwenye pengo. Maungio ya pete yapishane kwa nyuzi 90. Kama kuna pete ya matundu ya kupitishia maji, ikae mkabala na tundu la maji kwenye pampu. Nati za kibano kinachokandamiza pakingi zikazwe kwa vidole, pampu iwashwe, halafu kila nati iongezwe moja ya sita ya mzunguko, kwa zamu.

Pampu ikishazunguka, muulizeni atafanya nini na maji yanayodondoka. Matone 40 hadi 60 kwa dakika yaachwe, maana ndiyo yanayopoza na kulainisha pakingi. Anayekaza mpaka pakauke atasifiwa siku hiyo kwa sababu sakafu itakuwa safi. Baadaye pakingi itaungua na shafti itachimbika mfereji. Na msaili asiyeijua pampu ndiye atakayempa mtu huyo alama za juu! Kwa hiyo jopo liwe na fundi, si maofisa utumishi peke yao.

Jaribio la pili ni fupi: kupachika beringi ya 6205 (namba ya saizi yake) kwenye shafti ya milimita 25. Nguvu yote iende kwenye pete ya ndani. Akigonga pete ya nje, gololi huchonga vishimo kwenye njia yake. Leo itazunguka bila shida. Baada ya muda italia.

Waliozamisha Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1916 waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Iliopolewa 1924, ikarudi majini kufanya kazi 1927. Umakini wa namna hiyo hauonekani kwenye karatasi ya majibu.

Dakika 90 kwa mtu zinatosha. Pampu irudishwe katika hali ileile kwa kila msailiwa, na wanaosubiri wasichungulie, la sivyo wa mwisho ndiye atakayekuwa hodari kuliko wote. Wasaili wawili waandike alama kila mmoja kivyake, wasishauriane mpaka wamemaliza.

Ombi la mwisho ni dogo. Pampu chakavu zinazosubiri mnada kwenye yadi zisiuzwe zote. Mbili zibaki kwa kazi hii.

Wako katika ujenzi wa mkoa,
Mafundi mitambo, Kigoma